Kompyuta ya Gari la Baba Yako na Chipu Mbili

Bondeni, Mombasa
Jumapili, baada ya ibada

Mwanangu Mghanga,

Nakusalimu wewe kwanza kwa kuwa wewe ndiwe wa kwanza, na nataka unisalimie watu wa nyumbani mmoja mmoja, usisimame tu mlangoni ukasema mama awasalimia nyote. Mkeo Wakesho msalimie, umwambie lile jino asilitie tumbaku tena, ashuke Mwatate aling'oe, limwondokee. Mjukuu wangu Mkawasi mshike mashavu yote mawili kwa niaba yangu. Nasikia ameanza kuunganisha herufi. Mwambie hata nyanya yake anaunganisha, tuone ni nani atafika mwisho wa kitabu kwanza. Nyanya yako mzaa baba msalimie kwa sauti, si kwa kumpungia mkono, maana mkono haoni. Je, ile dawa ya macho niliyotuma inamfaa, au ameiweka chini ya mto kama ile ya mwaka juzi? Baba yako mdogo Mwakio, kikohozi kimemwachia? Na Mzee Mwambi jirani, mwenye lile gari bovu lililoota nyasi ndani, msalimie sana, tena yeye nina neno naye, nitalifikia. Sijui kama mtu husalimia ng'ombe, lakini naye nimemkumbuka.

Mimi ni mzima. Mguu unaniuma nikipanda ngazi za kazini, kwa Bi Mwanaesha huku Mji wa Kale, lakini nikishafika juu nasahau. Joto la huku mwalijua. Bi Mwanaesha mwenyewe hajambo, ananisumbua kuhusu chumvi kila siku, nami namsumbua kuhusu dawa zake, hivyo tuko sawa.

Naandika kwa mkono wangu, hakuna aliyenishikia kalamu. Ni lile darasa la watu wazima pale kanisani. Mwalimu wetu anasema mwandiko wangu unakwenda kama kaa, lakini unafika. Ningekupigia simu, ila kwenye simu wewe hunikatiza. Nikisema neno la tatu umeshasema, "Sawa mama, nimeelewa," na hujaelewa. Barua haikatizwi. Basi keti, soma mpaka mwisho kabla hujafungua kile kifuko cha kitambaa kilicho ndani ya kikapu. Nimekifunga kwa uzi mwekundu makusudi. Kompyuta yenyewe itazame ukitaka, lakini usiifunge kwenye gari bado.

Ile kompyuta mbovu ilinifikia salama kwa mkono wa Mwanyumba, dereva wa lori la kabeji, pamoja na karatasi yako na ile picha ya ndani ya gari. Karatasi niliisoma mara tatu. Ulisema gari limelala tangu mvua zile maji yalipoingia chini ya zulia, pale abiria anapoweka miguu, kompyuta ya injini ikalowa ikafa. Nitafute nyingine ya mtumba iliyotoka Japani, yenye namba kama zile zilizo juu ya kifuniko. Nimpelekee fundi anayejua kuifungua na kuipangia upya. Na chini kabisa ukaandika kwa herufi kubwa: MWAMBIE AWEKE NGUVU ZOTE. Herufi hizo hata ningekuwa sijaingia darasani ningezisoma.

Nilijua zimetoka wapi, mwanangu. Zimetoka kwa lile gari jeupe. Mimi nilikuwemo Krismasi ile, umesahau? Nilikaa mbele na Mkawasi mapajani, nyuma watu wanne na mfuko wa viazi, tunapanda kutoka Mwatate. Lile jeupe likatupita kwenye kona ya pili, kijana anayeliendesha akapiga honi na kutoa mkono dirishani. Niliona shingo yako imekaza, na gari la baba yako likaanza kupiga mluzi kwa ghadhabu, na mimi nikashika mlango mpaka vidole vikafa ganzi. Tulipofika juu uliniuliza, "Mama, mbona kimya?" Nikasema nimechoka. Sikuwa nimechoka.

Najua pia gari hilo ndilo mkono wako na ndilo mguu wa watu wa kule juu. Nimesikia kwamba Mama Mkabili ameteremshwa hospitali kwa pikipiki akiwa na homa, amefungwa leso kwa dereva asianguke. Hivyo usidhani nilichukua kazi hii kwa kuvuta miguu. Siku ya pili tu nilikuwa Majengo.

Kule Majengo kuna mtu anayeuza spea za mtumba, Mzee Karama. Kompyuta za magari amezitupa ndani ya sanduku la mbao kama viatu. Nikasimama na kifuniko chako mkononi. Akanitazama kutoka kwenye leso mpaka kwenye ndara.

"Mama, hiki si kifuniko cha kupashia wali."

"Nakijua ni cha nini. Nataka sanduku lake."

"La gari gani?"

Nikamtajia, na mwaka wake, na kwamba lina tabo. Akacheka. "Gari hilo bado latembea? Mumeo kijana?"

"Mume wangu amelala kaburini. La mwanangu. Nitafutie namba hizi, zote, si nusu."

Akaniletea tatu. Ya kwanza soketi yake ilikuwa sawa na yako, matundu yale yale, akasema hiyo inatosha, ikiingia imeingia. Nikasema hata mguu wangu waingia kiatu cha jirani. Ya pili herufi ya mwisho haikuwa sawa. Ya tatu ilikuwa sawa yote, nikaipitia kwa kidole herufi moja moja kama tunavyofanya darasani, naye amesimama anapuliza kwa pua. Nikaichukua hiyo. Nikarudi nayo Mji wa Kale nimetunisha kifua, mwanangu, nikaona nimefanya kazi ya wanaume bila kuulizwa mara mbili.

Sasa sikiliza lililotokea. Kabla ya kuipeleka kwa fundi, nilikaa jikoni kwa Bi Mwanaesha nikaanza kuipangusa ile yako ya zamani, maana ilikuwa na matope na siwezi kumpelekea mtu kitu kichafu. Nikaona alama ya maji. Imezunguka sanduku lote, ya rangi ya chai, kiasi cha vidole viwili kutoka juu, kama sufuria iliyoachwa na maji ya maharagwe. Mbele, nyuma, pembeni. Nikakirudisha kifuniko mahali pake. Kifuniko kina ukingo unaoshuka, na ukingo huo unapita palepale penye ile alama. Lakini wenyewe ulikuwa mweupe, hauna hata doa. Nikakigeuza huku na huku. Hauna. Nikamwuliza Bi Mwanaesha, "Maji yaweza kulowesha chungu yakaruka kifuniko?" Akaniambia, "Hicho kifuniko si cha chungu hicho." Hivyo tu, bila kuacha kupepeta mchele.

Nikashuka ngazi mbiombio, mguu ukajionea wenyewe.

Huyu fundi, nikwambie vizuri umjue. Anaitwa Athmani, ni mpwa wa Bi Mwanaesha, mtu mzima, zamani alikuwa akitengeneza redio za meli. Sasa hutengeneza kompyuta za magari, na chumba chake kiko chini ya nyumba, kwenye kichochoro ambacho hata mkokoteni wa maji lazima uinamishwe upande mmoja ndipo upite. Gari halijawahi kufika pale tangu dunia kuumbwa. Nilimwuliza atajuaje kama kompyuta ni nzima na hana gari la kujaribia. Akanionyesha ubao wake. Ametundika ukutani ubao wenye taa ndogo nne za mstari, kila taa ni tundu moja la petroli kwenye injini. Akifunga kompyuta nzima na kuzungusha kitufe kana kwamba injini inazunguka, zile taa zinawaka kwa zamu, moja, tatu, nne, mbili. Akizidisha, zinawaka haraka kama macho ya mtoto anayetaka kulia. Gari linakimbia ukutani, mwanangu, na wewe umekaa juu ya kigoda.

Basi nikamwambia habari ya alama ya maji. Akachukua bisibisi, akafungua sanduku lako. Ndani kuna ubao wa kijani, na pembeni namba zake zimechapwa ndogo. Akavaa miwani juu ya miwani. Akasoma. Akasoma kifuniko. Akaviweka chini vyote viwili.

"Mama Mghanga, gari la mwanao gia ni za mkono au ni otomatiki?"

"Za mkono. Zinamkwama ya tatu."

"Na kifuniko hiki ni cha otomatiki. Sanduku lako ni la gia za mkono. Nani aliyevichanganya hivi?"

Nikacheka peke yangu, kwa sababu hapo nilimwona Mzee Mwambi. Ni nyinyi wawili, sivyo? Mlitoa kompyuta ya lile gari lake lililoota nyasi, la otomatiki, mkaweka zote mbili mezani, mkazifungua kulinganisha, mkanywa chai, mkafunga. Kifuniko chako kiko kwa Mzee Mwambi. Mwambie arudishe, na chake nimemtumia, kiko chini kabisa ya kikapu. Fundi anasema ningeleta ile ya otomatiki gari lingewaka, lakini lingekaa likitafuta gia ambazo halina, taa ya dashibodi isizimike, na wewe ungemlaumu fundi, na fundi angenilaumu mimi.

Nikarudi Majengo. Mzee Karama aliponiona akasema, "Nilijua. Wanawake hubadilisha."

Nikamwambia, "Mzee Karama, ulinipa nilichokuomba. Kosa limetoka nyumbani kwangu, na nimekuja nalo mchana mbele ya watu. Nipishe nitafute mwenyewe."

Akanipisha. Nikachuchumaa kwenye lile sanduku la mbao, nikawa nageuza moja moja, na sasa sitazami vifuniko, nambebesha yeye bisibisi anifungulie nione ubao wa ndani, nitafute namba alizoniandikia fundi. Ya sita ndiyo. Ubao wake safi, hauna kutu, hauna alama ya maji. Watu wawili waliokuwa wakingojea spea wakaniuliza nafanya kazi gereji gani. Tangu siku hiyo nikipita pale naitwa Mama Kompyuta, na Mzee Karama ndiye anayeanza.

Haya, kompyuta tukawa nayo. Sasa ikaja kazi ya kuipangia.

Fundi Athmani alinieleza kwa njia ya jikoni, kwa kuwa anajua napika. Kompyuta ya injini kazi yake ni kuuliza na kujibu. Inauliza, upepo umeingia kiasi gani? Inajibu, basi petroli itoke kiasi hiki, na moto uwashwe wakati huu. Upepo ni maji ya ugali, petroli ni unga. Katika gari la kawaida maji yanaingia yenyewe. Katika gari lako kuna ile tabo, feni inayosukuma upepo ndani kwa nguvu, hivyo maji yanaweza kujaa ghafla na unga lazima uende nayo. Majibu yote yameandikwa ndani ya chipu moja, ndogo kama mende, ina miguu ishirini na minane, nimeihesabu. Anaing'oa ya zamani kwa kuyeyusha risasi mguu mmoja mmoja, anaweka kiti kidogo mahali pake, kisha chipu aliyoiandika upya inakaa kwenye kile kiti. Ukitaka kubadilisha unaichomoa, unachomeka nyingine. Kile kiti, shika habari yake, nitarudi kwake.

Kabla hajaandika kitu akaniuliza maswali, nami nikamjibu yote, mwanangu, ungenisikia.

"Tabo ni ileile ya kiwandani?"

"Ni ileile. Baba yake hakubadilisha kitu. Mwanangu amebadilisha bomba la moshi tu, sasa linakoroma."

"Hubeba watu wangapi?"

"Saba."

"Gari la watano?"

"Wewe umeniuliza hubeba wangapi."

Akaandika saba. "Na mlima?"

Nikamwambia mlima. Nikamwambia kona ya kwanza mpaka ile ya mwisho, pale panapotoka ubaridi, pale injini inapoanza kugonga kama mtu anayetikisa misumari ndani ya kopo. Aliposikia hayo akaweka kalamu chini.

"Hugonga? Wewe umeisikia?"

"Nimeisikia kwa masikio haya. Hugonga akiwa gia ya tatu, amebeba watu, jua kali. Akiachia mguu kidogo, hunyamaza."

"Petroli hutia wapi?"

Hapo nilifikiri nikufiche, halafu nikaona kwamba kumficha fundi ni kama kumficha daktari. Nikamwambia hutia kituoni Mwatate, lakini ikimwishia juu hununua ile ya chupa barabarani.

Fundi Athmani akavua miwani zote mbili. "Mamangu, petroli ya chupa wajua imechanganywa na nini? Mimi sijui, na aliyeiuza hajui. Ukifungua tabo yote ukatia petroli ile, kwa mlima huo, na watu saba, pistoni itatoboka. Haitatoboka siku ya kwanza. Siku ya kwanza atafurahi. Atalipita hilo gari jeupe na honi atapiga yeye. Itatoboka siku nyingine, na haitachagua ni kona gani."

Ulikuwa mchana, muadhini wa adhuhuri ndio kwanza amemaliza, na mimi nilisikia baridi mgongoni.

Kuna jambo jingine alinieleza lililoniingia. Aliniuliza kama ukifika huzima gari papo hapo. Nikasema wewe huzima papo hapo, unaruka nje. Akasema mwambie asifanye hivyo, ile feni imezunguka mpaka imekuwa nyekundu, inapozwa na oili, na ukizima ghafla oili inasimama na feni inaungua. Akae dakika mbili injini ikinguruma polepole, ndipo azime. Mghanga, unakumbuka baba yako? Anafika nyumbani, anakaa ndani ya gari, injini inanguruma, mikono kwenye usukani, hashuki. Mimi natoka mlangoni namgombeza, "Unachoma petroli bure, chakula kinapoa." Anasema, "Nakuja, mama watoto." Nikadhani hataki kuingia nyumbani. Miaka yote ile nilidhani anavuta muda kwa sababu yangu. Na yeye alikuwa akilipoza gari, na hakujua namna ya kunieleza, au alinieleza na mimi nikamkatiza. Nimelia kidogo pale kwenye kigoda cha fundi. Fundi akajifanya anatafuta risasi.

Sasa nafika kwenye lenyewe, na ndilo lililofanya niandike.

Nikamwambia fundi, "Usiweke nguvu zote. Weka za kati. Ziweze kupanda mlima bila kugonga, na upepo ukizidi kipimo ikate petroli."

"Hizo za kati naweza, na ndizo ningemshauri. Atapata nguvu chini, pale anapoondoka na watu, hiyo ataihisi. Juu haitakimbia sana. Lakini yeye ameandika nini kwenye karatasi?"

"Ameandika vingine. Usimwambie."

"Gari si lako, mamangu."

"Mwana ni wangu."

Akacheka, lakini hakuchukua kalamu. Akaniambia ana desturi yake tangu enzi za redio za meli. Kila sanduku analolifungua, ndani ya kifuniko anaandika kwa wino mweupe amefanya nini na ni nani aliyeamua hivyo, ili fundi mwingine akifungua siku za mbele asikisie. "Nikiandika jina la mwanao chini ya kitu ambacho hakukitaka, nimeandika uongo. Niandike jina la nani?"

Nikamwambia, "Andika langu."

Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia andika na darasa langu ukitaka. Akaandika. Ukifungua kifuniko utaona: nguvu za kati, petroli hukatwa upepo ukizidi, ameamua mama wa mwenye gari. Na jina langu kamili la ubatizo. Wino wake unang'aa. Sijawahi kuona jina langu ndani ya kitu cha chuma.

Lakini fundi ni mtu mwenye haki. Akasema, "Nami nitamwandikia na ile aliyoiomba, kwa sababu aliiomba. Utampelekea zote mbili. Hii ya kwako itakaa kwenye kiti, ile ya kwake itakuwa pembeni. Aamue mtu mzima mwenzangu." Akanipa ile ya pili ndani ya kopo dogo la dawa, miguu yake imechomwa kwenye sponji.

Nikatoka na lile kopo mfukoni mwa aproni. Mghanga, nataka ujue hili nami nikiwa mzima wa akili. Nilipita pale sokoni penye jaa la maganda ya nazi, nikasimama. Hakuna aliyekuwa akinitazama. Nilikuwa nimelishika kopo mkononi. Ungejuaje? Fundi hana simu yako. Ningesema ameweka alichoweza, ungefunga kompyuta, gari lingewaka, ungepanda mlima kwa upole na usingejua kwamba ni mama yako aliyekaa juu ya mguu wako. Na mimi ningelala. Kwa miaka mingi huku mbali kitu nilichokitaka zaidi ya vyote ni kulala nikijua uko salama.

Nikakumbuka kifuniko cha Mzee Mwambi. Juu kimeandikwa kitu, ndani mna kingine, na mimi nilivyohangaika kwa ajili yake, Majengo na kurudi, Majengo na kurudi. Nikarudisha kopo mfukoni. Nikanunua bamia nikaenda kupika.

Basi ndiyo hiyo iliyo ndani ya kifuko chenye uzi mwekundu. Sikuitupa. Fundi ameniapia kwamba kuibadilisha ni kazi ya dakika moja: betri uitoe kwanza, uichomoe chipu iliyomo taratibu pande zote mbili, uchomeke nyingine, ile nukta ndogo iliyo juu yake ielekee upande wa soketi. Unaona hata hilo nimekuandikia, ili usije ukaiharibu.

Zote mbili amezijaribu kwenye ubao wake mbele yangu. Ile yako taa zake ziliwaka kwa nguvu mpaka zikaumiza macho. Ile yangu ziliwaka sawasawa, moja, tatu, nne, mbili, nikaweza kuzihesabu. Mimi si fundi. Lakini nina masikio, na nimekaa kwenye kiti kile cha mbele, na anayekaa pale siku hizi ni Mkawasi. Nimefikiri vizuri, na siombi msamaha kwa jina langu kuwa ndani ya kifuniko. Kama ni kuchagua mara ya pili ningechagua vilevile.

Na kompyuta usiirudishe chini ya zulia. Ifunge juu, nyuma ya dashibodi, waya zinafika, fundi amepima kwa picha uliyotuma. Ukifika, popote utakapofika, ukae dakika mbili kabla hujazima. Wakesho akitoka mlangoni kukugombeza, mweleze kwa nini, usinyamaze kama baba yako.

Kwenye kikapu pia kuna kashata za Mkawasi, leso mbili, moja ya Wakesho na moja ya nyanya yako, ile yenye rangi kali ili aione, na tangawizi ya kikohozi cha baba yako mdogo. Mzee Mwambi apewe kifuniko chake na salamu za Mama Kompyuta.

Mwanyumba anafika kwenu kesho na anateremka tena na kabeji Alhamisi. Nijibu kwa mkono wake Alhamisi hiyohiyo, usingoje nyingine, maana mpaka nipate neno lako nitakuwa natia chumvi mara mbili na Bi Mwanaesha atanifukuza. Usiandike mengi. Andika tu ni ipi imekaa kwenye kiti, na ukweli wake uwe huohuo ndani na nje.

Mimi mama yako. Jina unalijua, fungua kifuniko.